Kuandaa usiku wa darubini kwa watu wa mtaani

Mwezi uliopita nilimsaidia mwalimu mmoja wa sayansi hapa Tanga kuandaa usiku wa kutazama anga kwa wanafunzi na wazazi wao, naye akaniomba nimwandikie utaratibu mzima ili aweze kuurudia peke yake. Nachukulia kwamba darubini unayo na unajua kuiunganisha.

Hatua ya 1: Tarehe

Usichague mwezi mpevu. Usiku huo jua huumulika mwezi kutoka upande wetu, kwa hiyo milima na mashimo yake hayana vivuli na uso wote huonekana bapa. Vivuli virefu, ambavyo ndivyo huwafanya watu washangae, hupatikana mwezi ukiwa bado mchanga, kando ya mstari unaotenganisha nuru na giza. Miongozo mingi hupendekeza robo ya kwanza, takriban siku ya saba, lakini huku karibu na ikweta mwezi wa siku hiyo huwa karibu na utosi jua linapozama, na darubini ya kusukumwa kwa mkono ni taabu kuielekeza juu kabisa. Mimi huchagua jioni ya tano tangu mwezi uandame, kwa sababu wakati huo umekwisha kuinamia magharibi na hauzami mpaka baada ya saa nne usiku.

Hatua ya 2: Darubini

Ninapendelea darubini ya kioo aina ya Dobson yenye kioo cha milimita 200 na kitako cha mbao. Zile zinazoongozwa na kompyuta huhitaji umeme na kuonyeshwa nyota mbili kabla ya kuanza kazi, na mawingu ya pwani hayatoi nyota kwa saa unayotaka wewe. Ikiwa urefu wa fokasi (umbali kutoka kwenye kioo hadi mahali mwanga unapokusanyika) ni milimita 1200, lenzi ya kutazamia ya milimita 25 hukuza mara 48, na ya milimita 10 hukuza mara 120. Hizo mbili zinatosha.

Hatua ya 3: Kulinganisha kilengeo kabla jua halijazama

Kilengeo ni ile darubini ndogo iliyofungwa ubavuni mwa kubwa. Mwaka wangu wa kwanza niliacha kazi hii mpaka giza lilipoingia, nikatumia karibu saa mbili nikiitafuta sayari ya Zohali huku watoto wakisinzia mapajani mwa mama zao. Wengi walirudi nyumbani bila kuona kitu, na mpaka leo naumia nikikumbuka.

Fanya kazi hii saa kumi na moja jioni, tena palepale uwanjani, maana mtikisiko wa gari hulegeza skrubu hata kama ulilinganisha vizuri nyumbani. Tafuta ncha ya mnara wa simu ulio mbali, kilomita moja au zaidi. Ukitumia kitu cha karibu, nafasi iliyopo kati ya kilengeo na darubini kubwa itakupotosha. Mnara huo uwe upande wa mashariki. Kamwe usielekeze darubini wala kilengeo karibu na jua, kwani jicho huungua mara moja, na usiwaache watoto karibu na chombo kabla jua halijazama.

Weka lenzi ya milimita 25, ulete ncha ya mnara katikati, kisha urekebishe kilengeo mpaka msalaba wake uiguse ncha hiyo. Legeza skrubu moja kwanza ndipo ukaze ile inayokabiliana nayo, na kila baada ya kuzungusha uchungulie tena kwenye darubini kubwa, kwa sababu mkono wako huenda umeisogeza. Picha katika vilengeo vingi hupinduka juu chini, usihangaike nayo. Rudia kazi yote kwa lenzi ya milimita 10, kisha uhakikishe tena kwa nyota angavu ya kwanza.

Hatua ya 4: Mazungumzo

Dakika 15, si zaidi. Anza na kile ambacho wazee wanakijua: «Kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua.» Kilimia ni kundi la nyota, na wakulima waliyapima majira kwa nyota hizo, na mtu akitambua kwamba bibi yake alikuwa mtazamaji wa anga, huuliza maswali bila hofu. Ikiwa sayari ya Mshtarii iko juu, waambie kwamba miezi yake minne watakayoiona ndiyo ile mwanasayansi Galileo aliyoiona mwaka 1610.

Hatua ya 5: Foleni

Kwa darubini moja, alika watu 60, kila mmoja dakika moja. Kwa ukuzaji wa mara 120 dunia inavyozunguka huutoa mwezi katikati upesi, kwa hiyo rekebisha baada ya kila mtu. Weka kigoda imara kwa watoto, la sivyo watajishikilia kwenye lenzi. Mimi siruhusu picha za simu mpaka kila mtu awe ameona kwa jicho lake. Umuulize kila mtu anaona nini, kwani wapo wanaosema «nimeona» kwa aibu tu, ilhali hawakuona chochote.

Hatua ya 6: Kufunga

Umande wa pwani ukitanda kwenye kioo, usiupanguse kwa kitambaa, maana utakikwaruza. Ingiza darubini ndani, uache kioo kikauke chenyewe, ndipo ukifunike.