Nafasi ya kilomita 21 Kili Marathon: namna ya kuipata kabla haijajaa

Kila Januari simu yangu hugeuka dawati la malalamiko. "Katibu, shikamoo. Naingia kujisajili, naambiwa imejaa." Anayepiga ana raba mpya, amefanya mazoezi tangu Septemba, basi la Moshi amekata na chumba amelipia. Anachokosa ni namba ya mbio tu.

Mimi ni katibu wa joging klabu ya mtaani hapa Dar es Salaam. Watu hudhani kazi ya katibu ni kupiga filimbi saa kumi na moja alfajiri. Kazi yenyewe ni daftari, simu na kuwadai watu wazima hela zao. Nimeshasajili wenzangu misimu kadhaa, na karibu kila kosa nitakalolitaja hapa nimelifanya mwenyewe.

Kabla ya yote: unagombea nini?

Mbio za Kilimanjaro Marathon zilianza mwaka 2003. Hufanyika Moshi, miaka ya karibuni zikiangukia Jumapili ya mwisho ya Februari, zikianzia na kuishia uwanja wa Chuo Kikuu cha Ushirika. Kuna kilomita 42, kuna 21, na kuna 5 za kujifurahisha. Ya 42 inatisha. Ya 5 unaenda na watoto na bibi. Ya 21 ndiyo ya mtu anayetaka kurudi kazini Jumatatu akijisifu na bado akaweza kushuka ngazi, kwa hiyo ndiyo inayogombewa. Makampuni yanaleta wafanyakazi, vilabu vinakodi mabasi, Wakenya wanavuka Holili na Namanga, wazungu wanaiunganisha na safari ya kupanda mlima. Wote hao wanataka kupanda barabara ileile ya Mweka, katikati ya migomba na kahawa, asubuhi moja. Barabara ile haiwezi kubeba kila aliyenunua raba.

Tofauti na Ulaya, hapa hakuna kura. Ndugu yetu aliye Uingereza akitaka Great North Run, ile ya kutoka Newcastle hadi South Shields yenye wakimbiaji kama 60,000, huandika jina lake kwenye droo akasubiri bahati, au akachangisha fedha kwa ajili ya shirika la hisani ili apewe nafasi. Kwetu anayewahi kulipa ndiye anayepata. Mimi naona utaratibu wetu ni mwepesi zaidi, maana bahati huwezi kuipanga. Hela unaweza.

Hatua ya 1: Pesa iwepo kabla ya tangazo

Hapa ndipo nafasi nyingi zinapopotelea, na ndiyo maana nitakaa hapa kidogo.

Usajili hufunguliwa miezi ya mwishoni mwa mwaka. Mtu analiona tangazo, anafurahi, analituma kwenye makundi matatu ya WhatsApp, kisha anasema, "Mshahara ukitoka nalipa." Mshahara unatoka. Krismasi inaingia, nauli ya kwenda kijijini, sare za shule, kodi ya miezi sita. Akirudi kushika simu ni tarehe 15 Januari, na wenzake wameshalipa zamani.

Sisi tuliacha kungoja tangazo. Kuanzia Julai kila mwanachama anayetaka kwenda Moshi anatoa shilingi 2,000 kwa wiki kwa mhazini. Hela ndogo, haiumi. Mwisho wa Oktoba kila mtu ana zaidi ya 30,000 iliyokaa mahali, na ada ikitangazwa anaongezea kilichopungua, ambacho mara nyingi ni hela ya chakula cha siku mbili. Asiyechanga hatumsemi vibaya, ila anajisajili mwenyewe. Mwaka wa kwanza tuliwakopesha watu watano kutoka kwenye mfuko. Wawili hadi leo tukikutana njiani wanavuka barabara.

Kama huna klabu, fanya hivyohivyo peke yako, lakini hela iweke kwenye laini tofauti na ile unayonunulia vocha. Ikikaa kwenye laini ya kila siku, utakuta imegeuka chipsi mayai.

Jambo jingine, ada si moja kwa wote. Raia wa Tanzania hulipa tofauti na mgeni wa kutoka nje. Chagua kundi lako la kweli. Ukijipachika kusikokuhusu ili uokoe hela, kitambulisho kitakuumbua mezani siku ya kuchukua namba.

Hatua ya 2: Andika taarifa zako zote mahali pamoja

Fomu si ndefu, ila inauliza vitu ambavyo ukivitafuta wakati umeshaifungua unapaniki: jina kamili, tarehe ya kuzaliwa, jinsia, uraia, simu, barua pepe, saizi ya fulana, na mtu wa kupigiwa ukipata dharura.

Jina liwe kama lilivyo kwenye kitambulisho cha NIDA. Mwaka mmoja nilimsajili mzee wetu mmoja kwa jina tunalomwita wote, Babu Kasi, kwa sababu jina lake halisi nilikuwa silijui na niliona aibu kumuuliza baada ya kukimbia naye miaka miwili. Siku ya kuchukua namba alisimama mbele ya meza nusu saa akieleza kwamba Babu Kasi ni yeye. Walimwelewa, ila aliyepigiwa simu kuthibitisha ni mimi, nikiwa ofisini, mbele ya bosi.

Kosa langu la pili lilikuwa la barua pepe. Wanachama saba hawakuwa nayo, nikaweka ya kwangu kwa wote. Jumbe zikaja zimefanana, sijui upi wa nani, nikatumia jioni nzima kulinganisha namba za kumbukumbu na daftari. Siku hizi asiye na barua pepe tunamfungulia yake palepale, dakika tano, na nywila anaiandika kwenye karatasi anayokaa nayo mwenyewe.

Kwenye mtu wa dharura, usiandike rafiki mnayekimbia naye. Wewe ukianguka kilomita ya 17, naye yuko kilomita ya 16 na simu kaiacha hotelini. Andika mtu atakayekuwa nyumbani, simu ikiwa na chaji.

Hatua ya 3: Siku dirisha linapofunguliwa

Fuata tovuti rasmi ya mbio na kurasa zao rasmi, basi. Njia za kulipia zitatajwa pale. Kwa miaka kadhaa watu wa hapa nyumbani wamejisajili kupitia tovuti na kupitia Tigo Pesa, ambayo sasa inaitwa Mixx by Yas. Usikariri hatua za mwaka jana. Soma tangazo la mwaka huu mwanzo hadi mwisho, pamoja na yale maandishi madogo ya umri na masharti.

Lipa siku ileile. Kama una haraka, epuka saa za jioni ambapo kila mtu ametoka kazini na yuko kwenye simu. Mimi huamka saa kumi na moja alfajiri, muda ambao ningekuwa barabarani, naketi na daftari na chai ya rangi. Hakikisha salio linatosha ada pamoja na makato. Shilingi mia tano ikipungua, muamala wote unakataa na unaanza upya.

Ukilipa ukaona kimya, usilipe mara ya pili kwa hasira. Angalia kwanza salio kama limekatwa. Likiwa limekatwa, tunza ujumbe wa muamala na uwasiliane na waandaaji kwa njia waliyoitaja kwenye tovuti. Likiwa halijakatwa, rudia.

Na sasa hili: "Ile hela tuma kwa namba hii." Msimu ukianza huwa wanatokea. Anaingia kwenye kundi, picha yake ina medali, anasema ana nafasi kumi za punguzo kupitia kampuni yao, tuma kwenye namba hii jina litakuja fulani. Kwenye kundi letu alipata watu watatu, mmojawao mwalimu wa hesabu. Namba ya mtu binafsi si malipo ya mbio.

Hatua ya 4: Kulipa si kusajiliwa

Hii naisema kila mwaka na kila mwaka yupo asiyesikia. Ujumbe wa kwamba pesa imetoka kwako ni kitu kimoja. Ujumbe wa kwamba jina lako limo kwenye kilomita 21 ni kitu kingine. Wa pili ndio nafasi.

"Katibu, mimi nimeshalipa."
"Sawa dada, nionyeshe meseji ya usajili."
"Hii hapa."
"Hiyo ni ya pesa. Ya jina iko wapi?"

Ukiupata ule wa jina, piga picha skrini, itume kwa mtu mwingine, na namba ya kumbukumbu iandike kwa kalamu. Simu huibiwa Kariakoo, daftari la katibu halina mwizi. Soma pia umeandikishwa mbio gani. Kuna kijana wetu aliyebonyeza 42 badala ya 21, akagundua Februari. Aliikimbia. Hapendi tulitaje hilo, lakini sasa anaitwa Arobaini na Mbili.

Hatua ya 5: Kama imeshajaa

Milango midogo ipo, ila si mingi.

Uliza kazini. Kampuni na mabenki hununua nafasi kwa mafungu kwa ajili ya wafanyakazi, na daima yupo aliyeandikwa na bosi bila kupenda. Ofisi ya rasilimali watu inaweza kukuweka badala yake, mradi jina libadilishwe rasmi na kabla ya tarehe wanayoruhusu waandaaji. Kwa mgeni au Mtanzania wa ughaibuni anayetaka kupanda mlima pia, zipo kampuni za utalii zinazouza safari yenye namba ya mbio ndani yake. Bei ni kubwa, lakini mlima nao ni mkubwa.

Angalia kama 42 bado iko wazi, ila usiichukue kwa hasira ya kukosa 21. Mtu aliyezoea tambarare ya daraja la Tanzanite, ambaye hata vilima vya Pugu havijui, ule mpando wa Mweka utamfundisha adabu hata kwa nusu umbali. Kilomita 5 haina aibu.

Usinunue namba ya mtu kimyakimya. Najua inafanyika. Ile namba ina chipu ya kupima muda, iliyounganishwa na jina, umri na jinsia ya aliyesajiliwa. Mwanaume akikimbia na namba ya mwanamke, anamharibia nafasi dada aliyefika kihalali. Na ukizimia, wahudumu watampigia mama wa mtu mwingine kumwambia mwanaye yuko hospitali.

Mwaka una mbio nyingine pia. Dodoma kuna NBC Marathon mwezi Julai. Dar es Salaam kuna CRDB Bank Marathon mwezi Agosti, ambayo mapato yake yamesaidia upasuaji wa moyo wa watoto pale Taasisi ya Jakaya Kikwete na akina mama wenye fistula hospitali ya CCBRT. Zote zina 21. Tangu Mtanzania mwenzetu Alphonce Simbu achukue dhahabu ya marathon ya dunia Tokyo Septemba 2025, kwa kumpita Mjerumani kwa sekunde 0.03, klabu yetu imepata watu wengi wapya, na sidhani ni kwetu tu. Hata hizo jisajili mapema.

Hatua ya 6: Kitanda, kisha namba

Kitanda cha Moshi kitafute wiki ileile uliyolipa ada. Vyumba vya wikiendi ile huisha, na vinavyobaki viko mbali au vina bei ya msimu. Sisi hulala nyumbani kwa shangazi wa mwanachama mmoja, magodoro chini, na unga tunabeba wenyewe.

Namba hutolewa siku chache kabla ya mbio, kwa kawaida kuanzia Dar es Salaam, kisha Arusha, na mwisho Moshi kwenyewe. Ukiwa Dar, chukulia Dar, mara nyingi ni pale Mlimani City. Ukisema utachukulia Moshi, utasimama foleni Jumamosi juani na watu elfu kadhaa waliosema hivyohivyo, na miguu unaihitaji Jumapili. Nenda na kitambulisho halisi na ujumbe wako wa usajili. Ukimtuma mtu, ulizia kwanza wanataka barua au nakala ya nini.

Usiondoke mezani kabla hujafungua bahasha. Soma jina. Soma umbali. Pima fulana palepale kama wanaruhusu kubadilisha. Hakikisha chipu ipo, na geuza namba uandike nyuma mtu wa dharura na kama una pumu, kisukari au mzio wa dawa. Pini ziwe nne, zihesabu. Halafu bahasha hiyo isiende kwenye buti la basi pamoja na mabegi. Iweke mapajani, hadi Moshi.