Somo: Kuanzisha tuzo ya insha ya hisabati na fizikia chuoni kwenu

Miaka sita iliyopita tulikuwa wanafunzi wanane na mwalimu mmoja, tumekaa nje ya kantini tunabishania laki tatu. Mzazi wa mwenzetu alikuwa ametuachia pesa hizo ili tumpongeze "anayejua hesabu". Tukampa aliyeongoza mtihani, tukapiga picha, tukala rolex (chapati iliyoviringishwa na mayai). Jioni mwenzetu mmoja akauliza: huyu chuo kilishampa cheti cha kuongoza, sisi tumemwongezea nini zaidi ya pesa?

Hatukuwa na jibu. Nilipoanza kusoma habari za Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza, nikakuta wao waliishi na swali hilohilo kwa zaidi ya karne moja.

Robert Smith, mkuu wa Chuo cha Trinity, alifariki 1768, na wosia wake uliacha hisa za pauni 3,500 za South Sea Company, kampuni ya biashara ya Uingereza. Kuanzia 1769 mapato ya hisa hizo yakatoa zawadi mbili kila mwaka, zikaitwa Tuzo za Smith, pauni 25 kila moja, kwa vijana waliotoka kumaliza shahada na kung'ara katika hisabati na fizikia. Mshindi alipatikana kwa mtihani, tena muda mfupi tu baada ya mtihani mkubwa wa chuo. Unaweza kukisia kilichotokea: mara nyingi majina yalikuwa yaleyale. Siwadharau, maana karatasi zao zilikuwa nzito. Mwaka 1845 William Thomson, ambaye baadaye aliitwa Lord Kelvin, alikuwa wa pili katika mtihani mkubwa lakini akawa wa kwanza katika ule wa Smith. Mwaka 1854 mwanafizikia James Clerk Maxwell, naye wa pili katika mtihani mkubwa, alilingana katika ule wa Smith na Routh aliyekuwa wa kwanza. Na ile kanuni ya Stokes (huunganisha hesabu ya eneo na hesabu ya ukingo wake) inayowatoa jasho wanafunzi wa mwaka wa pili ilichapishwa kwa mara ya kwanza katika karatasi hiyo ya 1854, kama swali la mtihani! Stokes, mwalimu wa Cambridge, ndiye aliyeitunga karatasi, ila kanuni yenyewe Thomson alikuwa amemwandikia kwa barua mwaka 1850.

Hata hivyo, kuanzia 1885 mtihani uliachwa, ikaja insha ya utafiti. Hapo ndipo tuzo ilipoanza kupima kitu ambacho mtihani haukipimi: kijana akiachiwa swali na miezi kadhaa, anafanya nini?

Hatua ya 1: Amueni mnatuza nini

Msiharakishe hapa. Kama chuo chenu tayari kinatuza alama, nyinyi tuzeni kazi. Andikeni sentensi moja tu, mkiweza: "Tuzo hii ni ya insha ya mwanafunzi wa shahada ya kwanza yenye hoja yake mwenyewe katika hisabati au fizikia." Kila neno hapo litagombaniwa, na heri ligombaniwe sasa kuliko siku ya matokeo. "Hoja yake mwenyewe" kwetu ina maana ya uthibitisho mpya, au njia fupi zaidi ya kufikia jambo linalojulikana, au vipimo alivyovichukua mwenyewe na kuvifanyia hesabu. Muhtasari wa kitabu hauingii, hata ukiandikwa kwa ufundi namna gani.

Hatua ya 2: Pesa, na msile mtaji

Smith aliacha kitu kinachozaa. Mkichanga laki tano kila mwaka, mwaka ambao mweka hazina amehitimu na kurudi kwao tuzo inakufa. Sisi tulizunguka kwa wahitimu wetu miaka miwili hadi tukafikisha milioni tatu, tukanunua hati fungani za serikali (unaikopesha serikali, nayo inakulipa riba) kupitia benki. Benki Kuu ya Uganda hupokea kuanzia shilingi 100,000, na riba hulipwa kila miezi sita. Tuseme riba ni asilimia 15: milioni tatu huzaa 450,000 kwa mwaka. Kodi ya zuio, inayokatwa kabla riba haijakufikia, ni asilimia 20, zinabaki 360,000. Kwa hati za miaka kumi na kuendelea kodi ni asilimia 10, zinabaki 405,000. Zinatosha zawadi moja na chai ya waamuzi.

Akaunti iwe ya kikundi kilichosajiliwa, watia sahihi watatu, mmoja wao awe mwalimu asiyehitimu na kuondoka. Nasema kwa uchungu: mwaka wetu wa kwanza pesa zilikaa kwenye simu ya mtu mmoja, na simu ikapotea stendi ya taksi pamoja na namba ya siri iliyoandikwa nyuma ya kava. (Na msije mkasema hisa za South Sea zilikuwa salama siku zote. Mwaka 1720 zilipoporomoka ziliwafilisi wengi, na Newton mwenyewe anasimuliwa kuwa alipoteza fedha nyingi.)

Hatua ya 3: Mada

Cambridge wana tuzo nyingine, ya Adams, iliyoanzishwa 1848 kwa heshima ya John Couch Adams, mmoja wa waliokokotoa mahali ilipo Neptuni kabla haijaonekana. Zamani waamuzi ndio waliotoa mada. Ile iliyotangazwa 1855 ilihusu pete za Zohali: zinatuliaje pale? Maxwell akathibitisha kwamba pete ngumu isingeweza kutulia na ya majimaji ingekatikakatika, kwa hiyo lazima ziwe vipande vingi vidogo, kila kimoja kikizunguka kivyake. Mwaka 1895 mwanaastronomia James Keeler alipima mwanga wa pete hizo akaona kweli sehemu za ndani zinakwenda kasi kuliko za nje.

Kwa hiyo nashauri mtoe mada moja iliyobana na muache mlango wa mada huria. Za kwetu zisitafutwe mbali. Magugu maji yanatanda ziwani kwa kasi gani? Ule mchoro unaohusisha kina cha Ziwa Victoria pale Jinja na maji yanayoruhusiwa kutoka kwenda Mto Nile, je, mvua ikizidi miaka mitatu mfululizo hesabu zake zinatoa nini? Foleni ya taksi (basi dogo la abiria) hujazwaje gari moja baada ya jingine, na je, abiria angefika mapema kama magari mawili yangejazwa pamoja?

Hatua ya 4: Ficheni majina

Mwandishi aweke kaulimbiu juu ya insha, na jina lake ndani ya bahasha iliyofungwa yenye kaulimbiu hiyohiyo nje. Bahasha zifunguliwe baada ya uamuzi kutiwa sahihi. Wanaotuma kwa kompyuta wakumbushwe kwamba faili hubeba jina la mwenye mashine.

Hatua ya 5: Waamuzi

Wawili, mmoja atoke chuo kingine. Wakitofautiana sana, tafuteni wa tatu. Basi.

Hatua ya 6: Malipo

Msitoe zote siku moja. Tuzo ya Adams ya sasa, inayotolewa kwa watafiti walioko Uingereza, hugawa fedha mara tatu: theluthi kwa mshindi anapotangazwa, theluthi kwa taasisi yake kwa gharama za utafiti wake, na theluthi ya mwisho pale makala ndefu ya kueleza uwanja wake inapokubaliwa na jarida. Sisi tunatoa nusu siku ya matokeo, na nusu mshindi akishawafundisha wa mwaka wa kwanza insha yake kwa saa moja ubaoni. Wawili kati ya watano hawajaja kuchukua nusu ya pili.

Maswali ya wanachama

*Mwalimu, tumetangaza miezi minne na imekuja insha moja tu. Tuahirishe?* (Gulu)

Isomeni. Maxwell naye alikuwa peke yake aliyeleta insha ya pete za Zohali. Ikifikia kiwango, mpeni. Isipofikia, msitoe, na pesa zirudi kwenye mtaji. Ila kanuni hiyo iandikwe kabla ya kuifungua.

*Mwanafunzi wetu amethibitisha jambo, kumbe lilishathibitishwa zamani na mtu mwingine. Tumkate?* (Mbarara)

Hapana, kama alifika mwenyewe na ameeleza. Mwanahisabati Alan Turing alithibitisha kwa nini jumla ya vitu vingi vya kubahatisha, ukiichora, huelekea umbo la kengele, bila kujua kwamba mwanahisabati mwingine, Lindeberg, alikwisha kulimaliza mwaka 1922. Kazi hiyo ilimpa Tuzo ya Smith mwaka 1936. Mwambieni aongeze aya inayomtaja aliyemtangulia.

*Dada zetu wa diploma wanaruhusiwa?* (Arua)

Andikeni wazi nani anaruhusiwa, msiache ikaeleweka tu. Mwaka 1890 Philippa Fawcett alipata alama kupita mwanamume aliyeongoza mtihani mkubwa wa Cambridge, lakini shahada hakupewa. Wanawake walianza kupewa shahada huko mwaka 1948. Sisi tulibadilisha "wa shahada ya kwanza" ikawa "yeyote aliyesajiliwa chuoni", na mshindi wa mwaka uliofuata alikuwa wa diploma.

*Tutajuaje kwamba insha haikuandikwa na programu ya kompyuta?* (Jinja)

Waiteni watatu wa juu, kila mmoja dakika kumi na tano ubaoni, bila karatasi. Mwulize: ukiondoa sharti hili, uthibitisho unavunjikia wapi? Aliyeifanya kazi anajua, kwa sababu palimvunjikia mara kadhaa.

*Mtu anaweza kuandika kwa Kiswahili?* (Bombo)

Kwetu ndiyo, mradi ukurasa wa mwisho aorodheshe istilahi alizotumia na maana zake. Mwaka juzi tulipata moja, ya foleni za taksi. Mwamuzi wa nje aliomba siku nne zaidi, tukampa.