Siku Mbili Pemba kwa Anayependa Kula na Kutembea

Anayetoka Unguja kwenda Pemba kwa siku mbili, akiwa na nia ya kula chakula cha shamba na kutembea, aanze kwa kuuhesabu mwezi kabla hajakata tiketi. Bamvua huingia mwezi unapoandama na tena unapotimia siku kumi na tano, na katika siku hizo bahari hukupwa mbali mnamo saa nne au saa tano za asubuhi, miamba ikabaki wazi, na akina mama wakateremka pwani na michokoo yao kutafuta pweza. Wakati wa maji mafu bahari haitoki ya kutosha, na pweza wa kuchokoa huwa adimu. Mimi nililijua jambo hili ukubwani, siku tuliyofika kijiji kimoja cha kaskazini ya Pemba watu wanne, mchana wa Jumamosi, mwezi ukiwa wa siku ya nane, tukawa tunauliza pweza nyumba kwa nyumba. Mama mmoja alitutazama kwa huruma, akatuuliza, "Wanangu, mwezi hamkuutazama?" Alitupikia muhogo wa nazi na dagaa, tukala tukashiba, lakini tuliyemfuata hatukumwonja.

Mwezi ukishajulikana, tazama msimu. Wakati wa kaskazi, kuanzia Disemba mpaka Machi, bahari hutulia na matunda huwa mengi: embe, doriani na mashokishoki, ambayo Pemba huuzwa kandokando ya barabara kwa mafungu. Masika huzifanya njia za udongo kuwa telezi, na ardhi ya Pemba ni ya vilima na mabonde, kwa hiyo anayetaka kwenda kwa miguu asiuchague wakati huo. Kusi ikivuma, mkondo baina ya Unguja na Pemba huchafuka, na asiyestahamili bahari ni bora apande ndege, ambayo hutua karibu na Chake Chake baada ya mwendo mfupi. Boti hufunga Mkoani, na hapo gari za Chake Chake humsubiri abiria. Mwezi wa Ramadhani jiko la mchana hufungwa, lakini anayefunga akialikwa futari na Wapemba ataona meza ambayo mwezi mwingine haioni.

Jambo la tatu, ambalo wageni wengi hulisahau, ni kuagiza. Chake Chake utapata chai ya asubuhi yenye chapati na mbaazi za nazi, na usiku utapata mishkaki na pweza wa kuchoma, lakini chakula bora cha Pemba hupikwa majumbani, na mpishi wa nyumbani hapiki kwa kukisia. Mtafute mwenyeji kupitia jamaa au rafiki, umpigie simu Alkhamisi, umweleze mko wangapi na mtafika saa ngapi, na umtumie fedha ya sokoni mapema. Ukialikwa bila ya malipo, usiende mkono mtupu. Kilo mbili za sukari na pakiti ya tende zinatosha kuonesha adabu.

Mwombe akupikie pweza wa nazi na shelisheli, na kama ataridhia, fika mapema umtazame akipika. Pweza hupondwa kwanza mpaka nyama ilegee, kisha huchemshwa kwa maji yake mwenyewe bila ya kuongezwa mengine, akageuka kutoka rangi ya kijivu kuwa mwekundu wa zambarau huku mikia ikijikunja. Hukatwa vipande, hutiwa kitunguu, thomu, bizari na ndimu, na tui jepesi hutangulia. Tui zito hutiwa mwishoni, moto ukiwa mdogo, na mwiko hauachwi, kwa sababu tui likikatika mchuzi huwa kama maji yenye mafuta juu. Shelisheli humenywa, hukatwa vipande na hupikwa kwa tui na chumvi tu. Kula vyote viwili pamoja, kwa mkono, kwani utamu wa shelisheli ndio unaoituliza ndimu ya mchuzi. Ujue pia kwamba baadhi ya vijiji, kama Kisiwa Panza, vimewahi kuufunga mwamba kwa muda ili pweza wakue. Ukiambiwa mwamba umefungwa, usimshawishi mtu akuvulie kwa siri.

Jumamosi iwe ya kaskazini ya kisiwa. Ondoka Chake Chake mapema kwa njia ya Wete, na usimame Kidike, ambako popo wa Pemba hulala juu ya miti mirefu mchana kutwa. Popo huyu hapatikani popote pengine duniani, na mabawa yake yakikunjuliwa hufika kiasi cha mita moja na nusu. Aliwindwa sana, hata ikahofiwa kwamba atatoweka, na kilichomwokoa ni wanavijiji wenyewe kukubali kumlinda. Kwa hiyo usipige makofi wala usirushe jiwe ili uwaone wakiruka. Kaa kimya, na utawaona wakijipepea kwa bawa moja kama mtu mwenye pepeo.

Wete ni mji wa halua. Hupikwa kwa wanga, sukari, samli na hiliki katika sufuria kubwa, na mpishi hukoroga kwa muda mrefu bila ya kupumzika, mpaka ishikane na iache ukingo wa sufuria. Iliyoiva vizuri hutikisika ikiguswa, hung'aa kwa samli, na haigandi kwenye vidole. Onja kidogo kwa kahawa chungu barazani, uliza lini imepikwa, na umwambie muuzaji akuwekee ya kuchukua nyumbani.

Kutoka Wete endelea Konde, kisha uingie msitu wa Ngezi, ambako hulipwa kiingilio na mwongoza wageni hukutembeza. Mwombe akuoneshe mpapindi, mti wa jamii ya mitende wa asili ya Pemba, na kama utaweza kukaa mpaka giza liingie, usikilize sauti ya bundi wa Pemba, ambaye naye hapatikani kwingine. Baada ya msitu njia hufika Vumawimbi, ufuo mrefu mweupe usio na kelele, na mbele yake Ras Kigomasha, penye mnara wa taa wa chuma uliojengwa mwaka 1900. Huku hakuna maduka. Chukueni maji na chakula, na mrudi na taka zenu.

Jumapili chagua jambo moja tu. Wapo wanaokwenda Misali, kisiwa ambacho wazee husimulia kwamba Nabii Hadhara alikosa msala akakifanya kisiwa chenyewe kuwa msala wake, na ambacho tangu 1998 kimo katika hifadhi. Wapo wanaokwenda Pujini kuona magofu ya ngome ya Mkama Ndume, mtawala wa zamani wa Pemba, ya karne ya 15. Lakini ukienda wakati wa mavuno, ambayo mara nyingi huanza Julai, mimi nakusihi uende shamba la karafuu. Kimbunga cha mwaka 1872 kiliiangusha mikarafuu mingi ya Unguja na kuiacha sehemu kubwa ya ile ya Pemba, na tangu hapo Pemba ndiyo inayotoa karafuu nyingi zaidi. Karafuu huchumwa kabla ya kuchanua. Jioni watu wa nyumba hukaa ukumbini kuchambua: kishada hushikwa kwa mkono mmoja, hubanwa na kusukumwa kwenye kiganja cha mkono mwingine, karafuu zikaanguka huku na makonyo, yaani vijiti vyake, kule. Omba ukae nao uchambue japo pishi moja. Asubuhi karafuu huanikwa majamvini. Usiyakanyage, na usipige picha bila ya idhini. Usinunue gunia kwa mkulima, hata ukibembelezwa, kwa sababu karafuu huuzwa kwa ZSTC, shirika la biashara la serikali ya Zanzibar, na kuzichukua kwa njia nyingine ni magendo yatakayomtia mwenyeji wako matatani. Ukitaka kumbukumbu, nunua mafuta ya makonyo, ambayo hutolewa kiwandani Wawi, nje kidogo ya Chake Chake.

Kwa safari ya kurudi, ondoka Chake Chake ukiwa na muda wa saa mbili nzima kabla ya wakati wa kuripoti bandarini Mkoani, kwani gari za abiria husimama kila kituo. Halua ifunge vizuri na uishike mkononi. Ukiiweka chini ya mizigo, samli itavuja juu ya nguo.