Namna ya Kuongoza Mjadala wa Pride and Prejudice Wasomaji Wanapotofautiana

Kikundi cha wasomaji kinachokutana kuizungumzia riwaya ya Pride and Prejudice ya Jane Austen hugawanyika mapema kuliko mwongozaji anavyotarajia. Mmoja ameisoma kwa kicheko mpaka ukurasa wa mwisho, wa pili ameona ni hadithi ya wasichana wanaowinda waume wenye mali, na wa tatu ameiacha katikati kwa sababu, kama atakavyosema mwenyewe, hakuna kinachotokea humo isipokuwa watu kutembeleana. Wote watatu wamesoma maneno yaleyale. Nimeongoza mijadala ya kitabu hiki mara kadhaa, na ninaamini kwamba kazi ya mwongozaji si kuwapatanisha wasomaji hao wala kutangaza aliye sahihi, bali ni kumsaidia kila mmoja aonyeshe sentensi iliyomfikisha kwenye maoni yake.

Anza kwa kugawa usomaji kama kitabu chenyewe kilivyogawanywa kilipotoka London tarehe 28 Januari 1813, yaani juzuu tatu zenye sura 23, 19 na 19. Juzuu ya kwanza inaishia baada ya Charlotte Lucas, rafiki wa mhusika mkuu Elizabeth Bennet, kukubali posa ya kasisi Collins, na ya pili inaishia Elizabeth akiwa tayari kwenda kuyaona makazi ya Pemberley, ya Darcy, tajiri aliyemposa naye akamkataa, bila kujua yatakayomkuta huko. Vikao vitatu vinatosha. Kwa kuwa matoleo mengi ya leo huhesabu sura moja kwa moja hadi ya 61, na kurasa hutofautiana, mkubaliane kutaja namba za sura tu.

Kabla ya kila kikao, mwombe kila msomaji aandike maoni yake kwa sentensi mbili au tatu na akukabidhi karatasi. Msomaji mwenye sauti kubwa akitangulia kuzungumza, wenye maoni ya upole huyameza, na mjadala hufa kabla haujaanza. Austen mwenyewe alifanya jambo linalofanana na hili kwa riwaya zake mbili zilizofuata, Mansfield Park na Emma: alikusanya maoni ya ndugu na marafiki, akayaandika moja baada ya jingine, yakiwemo yasiyompendeza. Mama yake mzazi alisema kwamba hakuipenda Mansfield Park kama alivyoipenda Pride and Prejudice, na kwamba Fanny, mhusika wake mkuu, hana ladha. Binti akaliandika hilo bila kuongeza neno la kujitetea, na mwongozaji ayapokee maoni ya wasomaji wake kwa moyo huohuo.

Ukishazisoma karatasi, utagundua kwamba tofauti nyingi zinatokana na jambo moja, nalo ni sauti inayosikika masikioni mwa msomaji. Fungueni sura ya 1 na mmoja asome kwa sauti sentensi ya kwanza, inayodai kwamba ulimwengu mzima unakubali kuwa kapera mwenye mali hana budi kuwa anahitaji mke. Uliza ni nani anayesema hivyo. Anayedhani ni msimulizi anayefundisha ataendelea kukiona kitabu kizima kuwa mahubiri ya ndoa, ilhali anayesikia humo sauti ya majirani wenye mabinti wa kuozesha atacheka tangu mwanzo. Kisha someni sentensi ya pili, inayoeleza kwamba hata kama hisia za kapera huyo hazijulikani, familia za jirani tayari humhesabu kuwa mali halali ya mmoja wa mabinti wao. Msiiache sentensi hiyo haraka, kwa maana mwenye kuhitaji amebadilika mbele ya macho ya msomaji, na asiyeuona mgeuko huo si mjinga. Hajaonyeshwa tu.

Jambo la pili ni fedha, na hapa mwongozaji anapaswa kueleza mambo waziwazi badala ya kungoja yajitokeze. Bwana Bennet anapata paundi 2,000 kwa mwaka kutokana na ardhi ya Longbourn, lakini sharti la mirathi linaipeleka ardhi hiyo kwa mwanamume wa ukoo, naye ni Collins, hivyo siku baba atakapofariki mama na mabinti watano wanaweza kuondolewa nyumbani. Bingley, rafiki wa Darcy, ana paundi 4,000 au 5,000 kwa mwaka, na Darcy ana 10,000. Ziandike namba hizo ukutani. Bila namba hizo, Bi. Bennet ni mama mwenye kelele na aibu, lakini namba zikiwa mbele ya macho, baadhi ya wasomaji huanza kusema kwamba katika nyumba ile ni yeye peke yake anayeihofia kesho, huku mumewe akijifungia maktaba na kutania. Katika kikao kimoja, mama mmoja aliyewahi kupokea washenga wa mabinti zake alikataa katakata kumcheka Bi. Bennet. Kijana aliyeketi jirani naye akasoma tena maneno ya Bwana Bennet katika sura ya 20, pale anapomwambia Elizabeth kwamba mama yake hatamtazama tena asipoolewa na Collins na kwamba yeye baba hatamtazama tena akiolewa naye, na chumba kizima kikacheka, pamoja na yule mama. Kicheko kile hakikumbadilisha maoni, na mimi sikumtaka ayabadilishe.

Mahali ninapopendekeza mkae muda mrefu kuliko kwingine ni kwa Charlotte Lucas. Ana miaka 27, hana mali, na anamkubali mwanamume aliyeposa wanawake wawili ndani ya siku tatu. Kuna wasomaji wanaomwona kama mtu aliyejiuza, na wengine wanaomwona kuwa ndiye mwenye akili kuliko wote, na pande hizo mbili zinaweza kubishana usiku kucha kwa maneno ya jumla. Wapeleke sura ya 30. Elizabeth amekwenda kumtembelea rafiki yake huko Hunsford, nyumbani kwa Collins, na anashangaa kuona kwamba Charlotte huchagua kuketi katika chumba cha nyuma, ingawa chumba cha kulia chakula ni kikubwa zaidi na kina mandhari bora. Baadaye anaielewa sababu: chumba cha Collins kinatazama barabarani, na kama wanawake wangeketi mahali penye uchangamfu uleule, mwenye nyumba angekuwa pamoja nao muda mwingi zaidi. Habari yote imebebwa na sentensi chache, na hakuna mahali mwandishi anapotuambia tulie au tupige makofi.

Mwombe kila mmoja aeleze anachokiona katika chumba kile. Mmoja atasema ni ushindi, kwa kuwa mwanamke huyu ameyapanga maisha yake kwa ustadi hata akajipatia saa zake za utulivu. Mwingine atasema ni huzuni kubwa kuliko zote kitabuni, kwa kuwa mke anautumia ukuta kumkwepa mumewe. Usiwaharakishe. Hapa msomaji huanza kutambua kwamba ucheshi wa Austen unaweza kubeba uchungu pasipo kuutaja kwa jina, na wengi waliokwisha kukiita kitabu hiki chepesi hunyamaza kidogo.

Tofauti ya tatu inahusu Elizabeth mwenyewe: je, alimpenda Darcy au aliipenda Pemberley? Katika sura ya 59, dada yake Jane anamuuliza ni lini mapenzi yalianza, naye anajibu kwamba huenda yalianza siku alipoyaona kwa mara ya kwanza mandhari mazuri ya Pemberley. Anayelitumia jibu hilo kama ushahidi kwamba Elizabeth alifuata mali asidharauliwe, kwa maana mwandishi wa riwaya Walter Scott, alipoandika uhakiki wa Emma uliotoka mwaka 1816, naye alieleza kwamba Elizabeth hakutambua kosa la kumkataa Darcy mpaka alipoyaona makazi yake mazuri. Muombe tu msomaji huyo aendelee na mstari unaofuata, ambapo Jane anamsihi dada yake aache mzaha. Halafu mrudi sura ya 43 na kusikiliza anayoyasema mtunza nyumba wa Pemberley kuhusu wema wa bwana wake, muone kama kilichomgusa Elizabeth ni bustani ama ni ushuhuda huo. Binafsi naona ni ushuhuda, ingawa siwezi kukana kwamba ardhi ile nayo imesemewa mengi.

Yule asiyekipenda kitabu kabisa anahitaji ulinzi wa mwongozaji, na kinga bora ni kumwonyesha kwamba hayuko peke yake. Mwandishi wa riwaya Charlotte Brontë, katika barua yake kwa mhakiki George Henry Lewes ya Januari 1848, alikifananisha na bustani iliyozungushiwa ua kwa uangalifu, yenye maua laini lakini isiyo na uwanda wala hewa safi. Mwandishi wa Marekani Mark Twain aliandika mwaka 1898 kwamba kila akisoma Pride and Prejudice hutamani kumfukua mwandishi na kumpiga fuvu kwa mfupa wa muundi wake mwenyewe, maneno makali ambayo hata hivyo yanadokeza kwamba alikisoma zaidi ya mara moja. Austen naye, wiki moja tu baada ya kitabu kutoka, alimwandikia dada yake Cassandra, nusu kwa utani, kwamba ni chepesi na kinametameta kupita kiasi, na kwamba kinahitaji kivuli. Majina haya makubwa yasomwe katika kikao cha tatu, si cha kwanza, kwa sababu yakitangulia wasomaji wataegemea kwao na kuacha kusoma wenyewe.

Mwishoni mwa kikao cha tatu, mrudishie kila mmoja karatasi zake zote na umwambie asifute kitu, ila aongeze chini namba ya sura anayotaka ikumbukwe. Msomaji mmoja aliyekuwa ameandika katika karatasi yake ya kwanza kwamba kitabuni hakuna kinachotokea aliyaacha maneno yake kama yalivyo. Chini yake akaongeza kwa mwandiko mdogo: sura ya 30, chumba cha nyuma.