Jinsi ya kuchukua likizo ya kweli ukiwa na miaka arobaini na kitu (na si ya matanga)

Huku kwetu Kenya ukishagonga arobaini likizo yako si yako tena. Unaomba off, bosi anakubali, kufika Ijumaa uko chini ya hema Butere ama Ugenya unahesabu pesa za mchango na kutafuta viti vya wageni, halafu Jumatatu unaingia kazini macho mekundu na watu wanakuuliza eti umepumzika? Zika watu wako, sikatai, lakini hiyo usiiweke kwenye hesabu ya mapumziko.

Anza na siku zenyewe. Sheria ya ajira ya 2007 inampa mfanyakazi siku zisizopungua 21 za kazi kila mwaka, na mshahara kamili, ukishafanya miezi 12 mfululizo, na hata mkikubaliana na mwajiri kuzigawa lazima kuwe na kipande kimoja cha wiki mbili za kazi bila kukatwa, isipokuwa mkataba wenu useme vingine. Wengi hatujui hiyo, tunazimega moja moja, leo benki kesho mkutano wa shule, mpaka zinaisha. Kama una duka ama unauza soko la Kibuye hakuna wa kukupa likizo, kwa hivyo patana na jirani wa kibanda akushikie siku tatu za katikati ya wiki, na yeye ukuje umshikie zake.

Tarehe nazo zina akili yake. Desemba wacha, kila mtu yuko nyumbani na kila mtu ana shida ya kukuambia. Agosti ya miaka kama 2024 na 2026, kama una wapwa Bungoma, sahau, hiyo ni ya kutahiri na utatafutwa mpaka upatikane. Mimi napenda wiki ya tatu ama ya nne ya muhula, watoto wako shule, fee ishalipwa ama ishakopwa, na vyumba vya kulala vinapatikana kwa bei ya kuongea.

Sasa sehemu ngumu, kuaga. Mwambie mtu mmoja ukweli wa mahali unaenda, bwanako ama bibi yako ama dada yako, na umpe maagizo: kukiwa na mgonjwa nipigie, kukiwa na mchango ngoja nirudi. Magrupu ya WhatsApp zima sauti. Usiulize ruhusa kwa familia nzima maana utapewa abiria wawili na gunia la mahindi.

Mahali? Si lazima Mombasa. Ukiwa Kisumu panda matatu ya Kakamega, shuka Khayega, boda ikupeleke kupitia Shinyalu hadi Isecheno, huo ndio msitu wa Kakamega. Upande wa Buyangu, kwenye barabara ya Webuye, uko chini ya KWS, shirika la serikali la wanyamapori, na hapo unalipia eCitizen, ule mtandao wa malipo ya serikali, keshi hawachukui. Tembea asubuhi kwa sababu mchana mvua hunyesha sana huko, na chukua mwongozaji wa hapo hapo, njia zinafanana. Wa Nakuru mna Menengai juu tu ya mji, lakini kama ukisimama pale unaona paa la nyumba yako basi nenda mbali kidogo, akili itarudi kufua nguo. Wa ziwa, kuna feri ya Luanda Kotieno kwenda Mbita, halafu unavuka kwenda Rusinga, na hiyo safari ya maji peke yake ni nusu ya dawa.

Siku ya kwanza utalala tu na mkono utakuwa unatafuta simu. Lala. Siku ya pili asubuhi kaa chini mgongo ukiwa wima, dakika kumi, fuata pumzi ikiingia na kutoka, basi. Akili itakimbia kwa deni la sacco, ikikimbia iite irudi kwa pumzi bila kujigombeza, ikitoroka mara hamsini iite mara hamsini, hiyo kazi ya kuirudisha ndiyo mazoezi yenyewe. Na kama unaogopa kanisani watasema ni mambo ya waganga, hii njia mwanasayansi Jon Kabat-Zinn aliipeleka hospitalini Marekani mwaka 1979, chuo kikuu cha Massachusetts, kwa wagonjwa wa maumivu yasiyoisha. Ukitaka kuomba baadaye, omba.

Kama kukaa kunakushinda, tembea polepole na uchague sauti moja ya kushika. Kakamega ni rahisi, mbega wananguruma alfajiri na hondohondo akipita juu mabawa yake yanavuma mpaka unainua kichwa. Ziwani shika sauti ya makasia.

Yale maswali ya umri huu, hii kazi ndio hii tu? mbona niko hivi na wenzangu wako vile? yatakuja, sanasana usiku wa pili. Yaandike kwa kitabu cha mazoezi na kalamu, usiyajibu huko. Kuna watu huamua kuacha kazi ama ndoa wakiwa wamelala vizuri siku mbili, ngoja kwanza urudi uisome hiyo karatasi ukiwa na njaa na umechelewa.

Rudi siku moja kabla ya kuripoti, si usiku wa kuamkia kazi. Zile dakika kumi zifanye kabla watoto waamke, ama ndani ya matatu ikingoja kujaa, saa hiyo uko nayo kila siku na unaimalizia TikTok. Na ukiona umepumzika siku zote hizo na bado hulali, moyo unadunda ovyo, ama wewe mama joto linakupanda ghafla usiku na jasho, msitu hautibu hiyo, nenda upimwe presha na sukari na umwambie daktari kila kitu hata ile ya hedhi kuruka.