Jinsi ya kuomba kupangiwa deni upya Lubumbashi, na mambo ambayo msaidizi wa deni anawajibika kwako

Ukikopa kwenye koopeki (chama cha ushirika cha akiba na mikopo) au shirika la mikopo, kisha malipo ya kila mwezi yakakushinda, unaweza kumwomba mdai apange deni upya, yaani abadilishe kiasi na tarehe za malipo. Barua unaiandika mwenyewe na kuipeleka mwenyewe. Mimi nilimlipa mtu dola 120 anifanyie kazi hiyo, na juu ya hizo nikapoteza malipo ya miezi miwili. Ndiyo sababu naandika.

Deni langu lilikuwa dola 1,500 za kununua marobota ya tombola, yaani mitumba. Mzigo ulikwama Kasumbalesa, mpakani na Zambia, wiki tano, nikakosa malipo ya mwezi wa kwanza, halafu ya pili. Mwenzangu wa sokoni akanipeleka kwa bwana mmoja mwenye ofisi ya chumba kimoja, anayesema anasimamia madeni ya watu. Neno lake la kwanza lilikuwa: "Mama, ukienda kule peke yako, watakupeleka Kasapa."

Kasapa ni gereza la hapa Lubumbashi. Tuanze hapo, maana hofu ya gereza ndiyo inayotufungua mikoba. Kushindwa kulipa deni la mkataba si kosa la jinai. Kifungu cha 11 cha Mapatano ya Kimataifa ya Haki za Kiraia na za Kisiasa, ambayo nchi yetu imo ndani yake tangu 1976, kinakataza kumfunga mtu kwa sababu tu hawezi kulipa deni la mkataba. Hundi isiyo na pesa benki ni jambo jingine, na kumdanganya mdai kwa karatasi za uongo ni jambo jingine pia. Hayo ni makosa. Lakini kama ulikopa kwa haki na biashara ikaanguka, una deni, huna kesi ya parke, ofisi ya mwendesha mashtaka.

Kabla ya kuandika lolote, nenda kwenye kaunta ya mdai wako uombe hali ya deni lako kwa maandishi. Dai tarakimu tatu zikae mbalimbali: mtaji uliobaki (pesa yenyewe uliyokopa), riba, na adhabu za kuchelewa. Wakikupa jumla moja tu, rudi, uombe tena kwa upole. Bila mgawanyo huo hujui unachoomba. Usiende mwisho wa mwezi, siku za mishahara; utasimama asubuhi nzima na ajenti hatakuwa na dakika ya kukusikiliza.

Ni katika kaunta hiyo nilipoujua ukweli wangu. Yule bwana alikuwa amepokea kwangu malipo matatu na kuniletea nakala tatu za bordero, stakabadhi ya kuweka pesa. Dada wa kaunta alichukua mbili kati yake, akazipanga moja juu ya nyingine, akaziinua kwenye mwanga wa dirisha. Namba ya bordero ilikuwa ileile. Sahihi ya mpokeaji ilianguka mahali palepale, hadi mkia wa herufi ya mwisho. Tarehe tu ndiyo ilikuwa imefutwa na kuandikwa upya kabla ya kutoa fotokopi. Kati ya dola 450 nilizompa, 150 ndizo zilizofika. Dada yule akaniangalia, akasema polepole: "Pole, Mama. Ulete orijinali siku zote."

Sasa barua. Iandike kwa jeran (meneja) wa tawi, si kwa ajenti wako wa mkopo, kwa sababu ajenti hana uamuzi. Taja namba ya akaunti, tarehe ya mkataba, kiasi ulichokopa, ulicholipa, na sababu ya kukwama pamoja na ushahidi wake. Mimi niliambatisha karatasi za forodha zenye tarehe. Kisha sema kiasi unachoweza kulipa kila mwezi na kuanzia tarehe gani. Weka kiasi cha kweli. Mdai halazimiki kupokea deni lake vipandevipande, kwa hiyo ukiahidi dola 100 ukaleta 60, umejifungia mlango. Mimi niliomba dola 90 nikiwa na uwezo wa 110, ili wiki mbaya isinivunjie ahadi. Omba pia adhabu zisimame kuanzia siku ya barua. Na mdhamini wako umwambie mapema. Asisikie habari kwa watu wa kudai waliofika mlangoni kwake.

Hatua iliyonila muda kuliko zote ni ndogo kabisa. Barua yangu ya kwanza niliiacha kwa sekretaria, nikarudi nyumbani. Baada ya siku kumi na sita nikaambiwa haionekani, na adhabu zilikuwa zimeendelea kuhesabiwa siku zote hizo. Peleka nakala mbili. Wanabaki na moja. Ya pili wanapiga muhuri, wanaandika tarehe na jina la aliyepokea, unaondoka nayo. Hiyo ndiyo akize yako, uthibitisho kwamba walipokea. Wakisema mwenye muhuri ametoka, kaa kwenye benchi umngoje. Mimi kwa barua ya pili nilingoja tangu saa tatu hadi saa nane, na siku hiyo ndiyo iliyoniokoa.

Wakikubali, omba jedwali jipya la malipo lenye sahihi. Usilipe hata dola moja kwa makubaliano ya mdomo.

Wakikataa na mambo yakafika mahakamani, hujaisha. Kifungu cha 39 cha sheria ya OHADA (umoja wa nchi za Afrika zenye sheria za pamoja za biashara) kuhusu kudai madeni kinampa hakimu uwezo wa kuahirisha au kugawanya malipo katika muda usiozidi mwaka mmoja, akiangalia hali yako na mahitaji ya mdai. Anaweza hata kuamua kwamba unachokilipa kipunguze mtaji kwanza. Ukiletewa amri ya kulipa, isome siku hiyohiyo: karatasi yenyewe inapaswa kukutajia mahakama na muda wa kupinga, na muda huo ni wa siku chache.

Kama bado unataka mtu akusaidie, kwa sababu ya umri, ugonjwa au Kifaransa cha barua, ujue anachowajibika kwako. Ni mtu uliyemtuma, na kanuni za kumtuma mtu zimo katika Kitabu cha 3 cha sheria yetu ya kiraia. Anapaswa kubaki ndani ya mipaka uliyompa na kukutolea hesabu ya kila faranga aliyoipokea kwa jina lako. Unaweza kumwondoa wakati wowote. Ukimwondoa, mjulishe mdai kwa barua yenye akize, la sivyo wataendelea kuzungumza naye. Makubaliano yawe karatasi yenye ada yake yote. Pesa ya deni isipite mkononi mwake kamwe: wewe unalipa kaunta, yeye anaandika barua. Na akila pesa uliyompa aipeleke mahali fulani, hilo linaitwa abuse de confiance, kuvunja uaminifu, kifungu cha 95 cha sheria ya adhabu, miezi mitatu hadi miaka mitano. Mimi nilipeleka malalamiko parke nikiwa na zile fotokopi mbili zimebanwa pamoja.

Jambo moja kuhusu mdai mwenyewe: shirika la mikopo linatakiwa kuwa na kibali cha Benki Kuu ya Congo. Koopeki nazo ziko chini ya Benki Kuu. Mdai akikutendea kinyume cha mkataba, na barua zako mbili hazijajibiwa, peleka malalamiko Benki Kuu. Wana ofisi hapa mjini. Ambatisha akize zote mbili.

Siku ya malipo ya mwisho usitoke bila hati ya kumaliza deni, na udai karatasi za dhamana palepale. Mimi niliweka hati ya kiwanja. Waliitafuta kwenye kabati saa nzima, nikasubiri, wakanirudishia ikiwa na matundu manne ya stepla kwenye kona. Nikaihesabu kurasa moja moja mbele yao kabla ya kusaini daftari.