Namba Isiyofutika: Jinsi ya Kuweka Alama ya Kudumu kwenye Shafti na Vipuri vya Chuma

Mwongozo huu umetokana na kazi niliyoifanya pamoja na fundi mwenzangu wa pampu za kuzama, zile zinazoshushwa kwenye visima virefu. Karakana yake hufungua pampu kadhaa kwa wakati mmoja, na kwa kuwa shafti (mhimili unaozunguka) na impela (gurudumu lenye mapezi linalosukuma maji) za pampu mbalimbali hufanana sana, kipuri cha mteja mmoja kinaweza kufungwa kwenye pampu ya mteja mwingine bila yeyote kutambua. Alama za rangi na za kalamu ya wino zilikuwa zikitoka kila mara vipuri vilipooshwa kwa mafuta ya taa. Alihitaji namba ambayo haitafutwa na mafuta, maji wala miaka, lakini ambayo pia haitadhoofisha shafti.

Sharti hilo la mwisho ndilo linalosahaulika mara nyingi. Alama yoyote ya kudumu ni jeraha kwenye chuma, kwa hiyo kabla ya kuchagua kifaa ni lazima ujue kipuri hicho kinabeba mzigo wa namna gani na ni wapi kinapobebea.

Hatua ya kwanza: Chagua mahali, kisha njia

Weka alama mahali pasipofanya kazi: uso wa mwisho wa shafti, ukingo wa flanji, au upande wa nje wa kifuniko. Usiiweke kamwe mahali beringi au sili (pete ya kuzuia mvujo) inapokaa, wala kwenye shina la bolti, wala kwenye springi. Shafti inayozunguka huku ikipinda kidogo huvutwa na kubanwa kila mzunguko, na ufa wa uchovu huanzia penye mkwaruzo wenye kitako chembamba, ambao ndio umbo linaloachwa na panchi kali, yaani kijiti cha chuma kigumu kinachogongwa kwa nyundo. Watengenezaji wa bolti huliheshimu jambo hili: alama ya daraja la nguvu, kama 8.8 au 10.9, iko juu ya kichwa cha bolti na wala haiko kwenye shina lake.

Kwa chuma cha kawaida, chuma cha kusubu na alumini, mimi hutumia panchi za herufi na namba. Kwa chuma kisichoshika kutu, yaani stenlesi, na kwa vipuri vyembamba au vilivyokwisha kusawazishwa kwa mashine, natumia umeme na maji ya chumvi. Stenlesi ya kawaida huzidi kuwa ngumu kila inapogongwa, kwa hiyo pigo la pili halizami kama la kwanza, panchi huwa butu, na shafti nyembamba inaweza hata kupinda.

Mashine za leza huandika vizuri na kwa haraka, na mwenye vipuri mamia kwa wiki asisite kuitafuta. Kalamu ya umeme inayotetemeka siipendi kwa kazi ya karakana, kwa sababu mwandiko wake hutegemea mkono wa mtu na mkwaruzo wake ni wa juujuu. Inafaa zaidi kwa vioo na taa za magari, ambako wengi huandika namba ya gari ili kumkatisha mwizi tamaa.

Onyo moja ambalo si la kiufundi pekee: mitungi ya gesi usiigonge chochote, kwani alama zake huwekwa na wanaoruhusiwa kuipima, tena kwenye bega la mtungi na si kwenye ubavu. Namba ya chesisi au ya injini nayo usiiguse. Kuifuta au kuibadilisha ni kosa la jinai.

Hatua ya pili: Panga namba zenyewe

Namba ya utambulisho wa gari ina tarakimu na herufi 17, na ndani yake herufi I, O na Q hazitumiki kwa sababu huchanganywa na 1 na 0. Fuata utaratibu huo huo. Kumbuka pia kwamba seti ya panchi za namba huwa na vipande 9 tu, kwa sababu kipande kimoja hutumika kama 6 na kama 9. Kipuri cha duara chenye namba 66 pekee kitasomwa 99 na fundi atakayekishika kwa upande mwingine. Anza kila namba kwa herufi, kwa mfano K66, na tatizo hilo litakwisha.

Hatua ya tatu, kwa wanaotumia panchi

Laza kipuri juu ya fuawe au bamba zito la chuma. Kukibana kwenye jiliwa peke yake hakutoshi, kwa maana jiliwa hunywa nguvu ya pigo. Bandika utepe kuwa mstari wa kukalia panchi, vaa miwani ya kinga, na upige pigo moja tu lenye uamuzi. Jaribu kwanza kwenye chakavu. Uso uliofanywa mgumu kwa moto, kama njia ya beringi au jino la gia, usiugonge, kwa sababu panchi inaweza kukatika na kipande chake kikaruka.

Hatua ya tatu, kwa wanaotumia umeme: Usafi na stensili

Hapa ndipo saa nyingi hupotelea, na karibu kila alama iliyovuja au kufifia niliyoonyeshwa ilikuwa imeharibika kabla umeme haujaunganishwa. Umeme utakula chuma popote maji ya chumvi yanapofika, na pasipofika maji hautakula chochote. Kwa hiyo kazi yote ni kuhakikisha kwamba maji yanafika ndani ya herufi tu na kwamba ndani ya herufi hakuna mafuta yanayoyazuia.

Anza kwa kusugua eneo kwa msasa laini, namba 400 au zaidi, kwa maji na kwa mwelekeo mmoja. Usitumie sufi ya chuma ya jikoni kwenye stenlesi. Vijisehemu vyake vya chuma cha kawaida hujipachika juu ya uso, kisha hushika kutu, nawe utadhani kwamba stenlesi uliyouziwa ni bandia. Osha kwa sabuni ya unga, suuza, kisha futa kwa asetoni au spiriti. Mafuta ya taa na petroli yanafaa kwa kuondoa grisi nzito, lakini yasiwe ya mwisho, kwa kuwa yenyewe huacha utando wa mafuta usioonekana.

Kipimo cha usafi ni maji. Mwagia eneo hilo maji safi na uyatazame: yakitanda kama shuka moja bila kukatika, uso ni safi, yakijikusanya kuwa matone, bado kuna mafuta na unapaswa kurudia. Usikubali kupita hatua hii kwa kukisia. Baada ya hapo usiguse eneo hilo kwa kidole, maana jasho la kidole linatosha kuacha doa ndani ya herufi.

Stensili, yaani kiolezo chenye matundu ya herufi, iliyo bora kwa maoni yangu ni ya vinili (plastiki nyembamba yenye gundi), inayokatwa na mashine za watu wanaotengeneza stika na mabango. Waeleze wazi kwamba herufi zenyewe ziondolewe na vinili inayozizunguka ibaki, kwa sababu mazoea yao ni kinyume cha hapo. Herufi zisipungue milimita 4 kwenda juu, la sivyo kuchomoa vipande vyake kwa sindano kutakuwa kazi ya mateso. Kuna herufi na tarakimu zenye kisiwa katikati, kama A, B, D, P, R, 4, 6, 8, 9 na 0. Kisiwa hicho kikidondoka, 8 inakuwa doa. Ama uagize mwandiko wenye vidaraja vinavyoshikilia visiwa, ama stensili ihamishwe kwa utepe wa juu unaoshika vipande vyote mahali pake. Mimi huagiza vidaraja kila mara, ingawa haviwapendezi wateja wote, kwa kuwa namba inayosomeka ni bora kuliko namba nzuri.

Ikiwa alama itakaa kwenye ubavu wa shafti kwa sababu uso wa mwisho hautoshi, panga namba ifuate urefu wa shafti na isiizunguke. Vinili inayozungushwa kwenye shafti nyembamba hujaribu kujinyoosha na kingo zake huinuka, hata kama ilionekana kushika vizuri dakika moja kabla. Ibandike kuanzia katikati kwenda nje, ikandamize kwa ukucha kwenye kila ukingo wa herufi, kisha ipashe joto kidogo kwa mashine ya kukaushia nywele na uikandamize tena. Zungushia tepu ya umeme kwa upana wa kutosha, kwa sababu tone moja likitiririka nje ya stensili huku umeme ukipita litaacha njia yake kwenye chuma. Utepe wa karatasi wa wapaka rangi usiutumie hapa, kwani hunywa maji na kuyapitisha chini yake.

Asiye na mashine ya vinili karibu anaweza kupaka rangi ya kucha, aiache ikauke kabisa, kisha achore namba kwa ncha ya sindano hadi chuma kionekane. Njia hii inafanya kazi. Mwandiko hautakuwa wa kupendeza, na rangi iliyokauka nusu hubanduka vipande vipande.

Hatua ya nne: Umeme

Chukua betri ya gari ya volti 12 iliyo mbali na chaja. Betri hiyo ina uwezo wa kutoa mkondo mkubwa wa kuyeyusha waya, kwa hiyo lazima kuwe na kizuizi, na kizuizi ninachokipenda ni balbu ya indiketa ya wati 21. Unganisha ncha chanya ya betri kwenye balbu, kisha kutoka kwenye balbu kwenda kwenye kipuri, pahali pasafi. Ncha hasi iende kwenye mpini wa kijiko uliozungushiwa pamba tabaka kadhaa na kufungwa kwa uzi. Balbu haitaruhusu zaidi ya ampea 2 hivi hata waya zikigusana, na ikiwaka kwa nguvu zote inakuambia kwamba pamba imechanika na chuma kimegusa chuma.

Koroga kijiko kimoja cha chai cha chumvi katika nusu glasi ya maji ya uvuguvugu. Chovya pamba, ikamue hadi isidondoshe, kisha igusishe juu ya stensili kwa sekunde 2 au 3, inua, gusa tena. Usiiegemeze kwa muda mrefu. Joto litalegeza gundi ya vinili na maji yataingia chini yake. Pamba ikigeuka nyeusi au kijani, ibadilishe. Ukiona viputo vinatoka kwenye kipuri chenyewe na alama haitokei, umegeuza ncha. Endelea mpaka ukucha ukipita juu ya herufi uhisi mkwamo.

Fanya kazi hii mahali penye hewa, ikiwezekana nje, kwa sababu chumvi ikipitishwa umeme hutoa gesi ya klorini, ambayo utaitambua kwa harufu yake kama ya dawa ya kung'arisha nguo nyeupe. Vaa glavu. Maji machafu yanayotoka kwenye stenlesi yana kromi na nikeli, hivyo yakusanye pamoja na pamba zake kwenye chupa iliyoandikwa, wala usiyamwage kwenye mfereji au bustani. Vyuma vilivyopakwa kromi au zinki usivitie umeme kabisa, maana utatoboa utando unaovilinda na kutu itaanzia kwenye namba yako.

Kwa anayetaka alama nyeusi, umeme wa kwenda na kurudi kutoka kwenye transfoma ya volti 9 hadi 12 huacha oksidi nyeusi ndani ya herufi zilizokwisha kuliwa. Umeme wa ukutani usiguse kazi hii bila transfoma hata kwa sekunde moja.

Hatua ya tano: Kuondoa chumvi

Bandua stensili, osha kwa maji mengi, kisha sugua alama kwa mswaki na bikaboneti ya soda, ile inayouzwa kwa ajili ya kuokea, suuza tena na ukaushe kwa kitambaa safi. Stenlesi hujilinda kwa utando mwembamba sana wa oksidi ya kromi, na utando huo hujirudisha wenyewe juu ya uso safi wenye kupata hewa. Chumvi iliyobaki ndani ya herufi huuzuia, na hutoboa vishimo vidogo vinavyokwenda chini. Pampu inayorudi kwenye kisima cha pwani, ambako maji yenyewe yana chumvi, haina nafasi ya kusamehewa uzembe huu. Kipuri cha chuma cha kawaida kipake mafuta mara tu kinapokauka.

Hatua ya sita: Daftari

Andika namba, jina la kipuri, pampu kilikotoka, tarehe na mahali alama ilipowekwa, kisha piga picha ukimulika kwa taa ya pembeni, kwa sababu mwanga wa moja kwa moja huificha alama isiyo na kina. Ukibadilisha shafti, usirudie namba ya zamani kwenye shafti mpya. Ipe namba yake na uandike kwamba ya kwanza imeondolewa kazini.